Tabasamu la Mama wa Dagaa

Nilikosa usingizi nikijiuliza kama ni haki kusimulia maisha ya mtu ambaye sijawahi kuzungumza naye. Asubuhi nikajijibu kwamba wahamasishaji wote hufanya hivyo, nikapanda gari la Bunda. Mkuu wa shule moja ya bweni alitaka niwatie moyo wanafunzi. Nikifanya vizuri, angenipa nafasi ya kufundisha. Nina shahada na miaka miwili bila kazi.

Nikawaonyesha ukutani picha niliyompiga jirani yangu wa Kamunyonge kutoka dirishani kwangu, akianika dagaa. "Hana kitu, lakini kila siku anatabasamu! Aliniambia siri yake ni kuridhika."

Wakapiga makofi. Msichana mmoja akasimama.

"Kaka, huyo ni mama yangu. Hapo hatabasamu. Anakunjaga uso kwa sababu ya jua."

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa yeye.

"Hiyo siri alikuambia lini? Anasemaga una maringo, humsalimii."

Mkuu alinitazama, akingoja nijitetee. Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni. Nikaumeza, nikasema hadi wa nyuma wakasikia:

"Hakuniambia kitu. Sijawahi hata kumwamkia."