Ukuta wa Mafundi

Kavenya, dobi wa hoteli moja ya Diani, aliipenda mikono ya mwenye chumba cha gemu za video pale Ukunda. Saa ya kupimia mbio mwenye chumba huyo aliishika kama mtu aliyeshika yai bichi. Hakumwita mtu fundi kwa umri wala kwa domo. Ukimaliza gemu chini ya dakika ishirini mbele ya mashahidi wawili, jina lako lilipanda ukutani kwa chaki. Kavenya alipomaliza kwa dakika kumi na tisa, wanaume waliguna: "Si amekuja juzi tu huyu?" Mwenye chumba akakohoa kidogo, kama desturi yake. "Saa haijui juzi, bwana." Ukuta ulikuwa umejaa. Akalitazama jina la juu kabisa, lake mwenyewe, alilojiandikia siku ya kufungua bila shahidi hata mmoja. Akalifuta kwa kiganja, akacheka, akamkabidhi Kavenya chaki.