Aliyefunikwa na Theluji

"Sijasema alisema vibaya, mama. Nimesema alichosema sio kweli."

"Sasa kwenye sinema kuna kweli gani?"

"Hii ilitokea! Wale watu walikuwepo. Walikufa kweli."

Mama alikuwa anasonga ugali, mimi nimekaa kwenye kigoda nachambua mlenda, na tulikuwa tumeshafika mbali. Alikuwa ameniambia nina wivu. Nikamwambia wivu wa nini, kwa mdogo wangu aliyeishia kidato cha pili? Akacheka bila kunitazama. Mama akicheka hivyo ujue amemaliza kesi.

Basi niandike vizuri ilivyokuwa, maana hapa nyumbani hakuna anayenisikiliza mpaka mwisho.

Mjomba wangu ana banda la video hapa Iguguno, nyuma ya mashine ya kukamua alizeti. Sinema nyingi zinakuja zimeshatafsiriwa, ila mwezi huu alipata moja ya kizungu tupu, ya vita ya pili ya dunia. Wamarekani wamekaa msituni Ubelgiji katikati ya baridi kali, Wajerumani wanawajia kwenye ukungu. Kijana aliyekuwa anamtafsiria amehamia Singida mjini. Mjomba akaja nyumbani kuniomba mimi, kwa sababu nimemaliza kidato cha sita na historia nilifaulu vizuri.

Nilijiandaa kama mtu anayeenda kwenye mtihani. Nilinunua bando, nikasoma kwenye simu kumbukumbu za askari wenyewe, wale waliorudi wakazeeka ndio wakaanza kusimulia. Mchana tukiwa tunapiga alizeti, namsimulia mdogo wangu. Yeye anapiga fimbo, mimi napiga fimbo na kusema. Nilimwambia jinsi ardhi ilivyokuwa jiwe, mtu anachimba shimo la kujificha kutwa nzima na halimfiki kiunoni. Kwamba moto hawawashi, moshi utawaonyesha walipo. Kwamba soksi mbichi wanazikaushia tumboni, ndani ya shati, kwa sababu mguu ukikaa na maji unakufa, unakuwa mweusi, unakatwa. Wanalala wawili wawili shimoni wamekumbatiana, na mwenzako akinyamaza sana unamtikisa. Mpaka ile ya bunduki kuganda, wakawa wanazikojolea ziachie. Mdogo wangu alicheka hiyo mpaka akakaa chini.

"Dada, na mkojo wenyewe haugandi?"

"Ukichelewa unaganda."

"Makubwa!"

Jumamosi ya kwanza nilishika maiki mimi. Nilianza na sababu za vita, maana huwezi kuelewa vita kama hujui sababu. Sikufika mbali. Nyuma kule mtu akapaza sauti, "Mwalimu, kengele imeshagonga!" Banda zima likacheka. Nikaruka sababu, nikaingia kwenye mapigano, lakini nikawa nabaki nyuma ya picha. Mtu anapigwa risasi, mimi bado naeleza cheo chake. Watu wakaanza kutoka. Mjomba akaja taratibu, akaniambia, "Pumzika kidogo, mjomba," akampa maiki mdogo wangu aliyekuwa amekaa pembeni yangu, ashike tu mpaka mwisho.

Akashika. Na huyo mtoto, sijui aliyatoa wapi, alikuwa anasema kama yuko shimoni nao. Askari akivua buti, yeye anasema polepole, "Ee mama, mguu wangu siusikii." Yule aliyezoea kupaza sauti kule nyuma akanyamaza. Alipofika kwenye bunduki na mkojo, watu walipiga mabenchi. Maneno yale yote ni yangu! Moja moja, niliyasoma mimi kwa bando langu. Yeye aliyapokea akiwa na fimbo mkononi.

Kuanzia hapo njiani naitwa dada yake. "Wewe si dada yake yule binti wa sinema?" Miaka yote yeye ndiye alikuwa mdogo wangu.

Leo Jumamosi mjomba kairudia ile ile, watu walidai. Nilikwenda. Nilikaa benchi la mbele kabisa, anione vizuri.

Pale mlangoni huwa anakuja mama mmoja muuza karanga. Mjomba anamwachia aangalie akiwa amesimama, sinia lake kichwani. Sisi wote tunamjua. Mwanae wa kwanza alikuwa anachimba dhahabu Sekenke, masika yaliyopita duara, lile shimo lao la kuchimbia, likaporomoka, yeye na wenzake wakabaki chini. Watu walichimba, wakachoka, udongo ukawa unaendelea kushuka, ikaamuliwa basi. Tulikaa matanga bila maiti. Mimi nilikuwa nachota maji, na nakumbuka wanaume walivyokuwa wamekaa tu na majembe yao, hawana kaburi la kuchimba.

Sinema ikafika karibu na mwisho. Kuna askari mmoja mdogo, amepigwa, mwenzake anamtikisa, haamki. Wenzake wanaondoka, theluji inaanguka juu yake, inamfunika, mwisho unaona weupe tu. Mdogo wangu alikuwa amenyamaza hapo, anaacha picha ijisemee. Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Mwanangu, na huyo aliyefunikwa, walimtoa?"

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alijua ni nani anauliza.

Mdogo wangu alishusha maiki. Akageuka, akanitafuta. Mwanga wa televisheni ulikuwa usoni kwangu, kwa hiyo aliniona. Na mimi jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nimelisoma. Nikaangalia mbele, kwenye ule weupe.

Akasubiri kidogo. Halafu akainua maiki.

"Walimtoa, mama. Wenzake walirudi. Walimtoa yeye na wote waliokuwa chini, hawakuacha hata mmoja. Wakapelekwa kwao, mama zao wakawazika."

"Alhamdulillah," akasema yule mama. Akatua sinia, akajifunga kanga vizuri, akaanza kumgawia karanga kila aliyekuwa karibu yake.

Watu walipotoka walimpa mdogo wangu mkono kama bibi harusi. Mjomba akanishika bega. "Huyu ana kipaji, wewe una elimu. Jumamosi ijayo utanisaidia kukaa mlangoni."

Mlangoni!

Hayo ndiyo niliyokuwa namwambia mama jikoni. Kwamba mtu anadanganya mbele ya watu, anashangiliwa, na anayejua anawekwa mlangoni.

"Yule mama kaondoka na moyo mweupe," mama akasema. "Wewe ungemjibu nini?"

"Ningemjibu ukweli."

"Upi?"

"Kwamba hawakuwatoa wote. Wengine walionekana theluji ilipoyeyuka. Wengine walikuja kuonekana baada ya miaka mingi, watu wanapita msituni tu wanakuta mifupa na buti. Na wengine mpaka leo hawajapatikana, ila wanatafutwa. Kuna watu kazi yao ni hiyo, wanazunguka na vyombo vya kupimia ardhi, wakimpata mmoja wanatafuta ndugu zake, hata kama ni wajukuu, wanamzika upya."

Mama akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Mpaka leo wanatafuta?"

"Mpaka leo."

"Na hilo ukalikalia pale kwenye benchi?"

Akasema na jambo lingine kwa Kinyiramba, ambalo siandiki. Nilimwaga mlenda kwenye maji, mwingi kuliko inavyotakiwa.

Tulipomaliza kula mdogo wangu alinifuata nje, naosha vyombo. Upepo ulikuwa unavuma ule wa kipupwe unaopita mpaka kwenye mifupa. Akachutama karibu yangu, amejifunika shuka la mama.

"Dada, niliogopa leo. Nilikuangalia ukawa kama hunioni."

"Kulikuwa na giza."

"Ningesemaje sasa? Nilisema tu ambacho mimi ningetaka kuambiwa." Akavuta shuka mabegani. "Kwani walimtoa kweli?"

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Nimesema sijui. Lete hilo sufuria."

Aliniangalia, akaleta sufuria. Amelala sasa hivi hapa pembeni yangu, anakoroma, na mimi naandika. Nikimtazama namwona ni yule yule niliyekuwa namfunga viatu aende shule, halafu nakumbuka watu walivyopiga mabenchi, roho inaniuma upya.

Nimeshaamua. Kesho asubuhi natoka kabla hajaamka, naenda kwa yule mama kabla hajabandika karanga jikoni. Nitamwamkia, nitakaa, nitamsaidia kupeta. Sitamwambia kwamba mdogo wangu alidanganya. Nitamwambia habari za wale wanaotafutwa mpaka leo, na wanaowatafuta, na nitazisema polepole, bila kuanza na sababu za vita. Akitaka kulia atalia, nitakaa naye. Na mdogo wangu simwamshi. Hili nakwenda kulisema mwenyewe.