Dada Yangu na Kule Kukimbia-kimbia Tu

Dada yangu mkubwa anashona sare za shule, na huu ni mwaka wa sita anakimbia kilomita kumi, siku nne kila wiki. Amemaliza nusu marathoni mbili. Medali kazitundika msumarini nyuma ya mlango, pamoja na futi za kupimia nguo, na mteja akiuliza ni za nani, anajibu ni za watoto. Watoto gani? Mmoja kazi yake kulala, mwingine kazi yake kumwamsha wa kwanza wagombane.

Nilishachoka naye. Ukimwita mwanariadha anacheka mpaka anashika mbavu. "Mwanariadha na kiuno hiki? Mimi nakimbia-kimbia tu, mdogo wangu."

Mwezi uliopita nyonga ya kulia ikagoma. Siku tatu hakutoka kukimbia, na nyumba nzima ikaipata: shemeji alifokewa eti anakoroga chai kwa kelele. Nikamburuta kwa daktari wa viungo.

"Unafanya mchezo gani, mama?" daktari akauliza.

"Hamna. Nakimbia-kimbia tu."

Nikasonya. Daktari akampeleka kwenye korido, akamwambia akimbie taratibu hadi mlango wa mwisho na kurudi. Akamrudisha tena na tena, huku kakunja uso.

"Mbona mkono wa kulia hauchezi? Umeubana kama umeshika kitu."

Dada akatazama sakafu. Ikabidi niseme mimi. Miaka yote hiyo anakimbia kabeba kikapu kitupu, ili akikutana na jirani aseme anawahi dukani. Kikapu! Kilomita kumi! Na duka liko hatua thelathini kutoka mlangoni kwake.

Daktari hakucheka. Alisema mwili umezoea kukimbia upande upande, na nyonga ndiyo imebeba mzigo. Kisha akachukua kalamu.

"Nina njia mbili. Anayekimbia-kimbia tu namwambia aache, atembee, inamtosha. Mwanariadha nampa mazoezi ya wiki nane, magumu, halafu anarudi barabarani. Wewe ni yupi?"

"Yeye anataka..." nikaanza.

"Sijakuuliza wewe."

Nilitamani kumfinya dada. Mtu anaamka alfajiri mvua inanyesha, anajua kila shimo la barabara, halafu swali la neno moja linamshinda! Ndipo nikaona kaubana tena mkono wa kulia, kama kashika kikapu. Alikuwa anaogopa, na si maumivu. Alikuwa anaogopa kuchekwa, na hasira zangu zikaniishia pale pale.

"Huyo wa pili," akasema.

"Wa pili ni nani?"

"Mwanariadha." Alilitamka kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, lakini alilitamka. Daktari akaliandika.

Tulipofika mtaani kwao, dada akichechemea, jirani yake, fundi viatu mwenye maneno mengi, akainua kichwa.

"Pole, jirani! Mguu umefanyaje?"

Nikashusha pumzi, nikijua uongo unakuja.

"Nimeumia mazoezini," dada akasema. "Mimi ni mwanariadha."

Fundi akaangua kicheko, kile kile dada alichokiogopa miaka sita. Dada akasubiri kiishe. Kisha akamtajia tarehe ya mbio zijazo, na kona ya kusimama kama anataka kumwona akipita.