Nyama ya Sahani Yangu

Kiangazi kilipoanza mwaka ule, binti yangu wa miaka minne alikuwa anaongea na watu wote wa mtaa wetu wa Kadutu isipokuwa mimi, baba yake.

Sitii chumvi. Aliongea na mbuzi wa jirani. Aliongea na mama anayeuza makaa chini ya ngazi yetu, wakabishana kwa muda mrefu juu ya mambo ambayo sikuyaelewa. Jikoni, nyuma ya pazia, nilimsikia akimsimulia mama yake hadithi isiyo na kichwa wala miguu: mtu kaanguka, kuku kakimbia, mtu kaanguka tena. Nikisogeza pazia, kimya. Anasimama wima, mikono nyuma, macho kwenye vidole vya miguu yake. Nikimuuliza kitu, anajibu kwa kichwa. Nikimpa biskuti, anaipokea kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo, kisha anakwenda kuila mbali na mimi.

Nilikuwa nimerudi kutoka Luberizi, kule kwenye bonde la Ruzizi, ambako nilifanya kazi ya agronomi katika mashamba ya mpunga. Nilipoondoka nyumbani alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kazi ilikuwa ya miezi michache. Ikarefuka, barabara nayo mara inapitika, mara haipitiki, nikageuka kuwa baba wa kwenye simu. Halafu kazi ikaisha, nikapata gari pale Sange, nikafika nyumbani na valizi yangu ya nguo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, hata kwa ugomvi. Kwa heshima sikuwa nimejiandaa.

Maana nilipokelewa kwa heshima ya kutisha. Fotei ya sebuleni, ile yenye kitambaa cheupe cha kufuma kwenye egemeo, ikawa yangu. Kikombe cha maua ambacho hulala kabatini mwaka mzima kikaamshwa. Nyama ikipatikana, kipande kikubwa kilikuja kwangu, kwenye meza ndogo, huku mke wangu na mtoto wakila jikoni juu ya mkeka. “Papa anapumuzika,” nilimsikia mke wangu akimnong'oneza mtoto. “Usifanye makelele.” Nilimwambia inatosha, mimi si askofu. Akasema nimekonda, nile. Sikubisha sana. Niseme uongo wa nini? Nyama ni nyama.

Lakini mtoto alinichanganya akili. Shambani, mche ukinyauka najua pa kutazama: maji, mdudu au udongo. Huyu nilimtazama kila upande nisione kitu. Nikadhani ananiogopa, nikanyoa ndevu. Haikusaidia. Nikadhani amenikasirikia kwa sababu niliondoka, lakini mtoto aliyekasirika hapigi goti. Siku moja nilimkatia kipande cha nyama kwenye sahani yangu, nikamwita. Aliitazama ile nyama, akameza mate waziwazi, akatikisa kichwa na kurudi nyuma.

Hilo liliniumiza kuliko kimya chake. Kwetu mtoto huzunguka sahani ya baba yake hadi baba achoke kuangaliwa na kumwachia mkia wa samaki. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Sahani ya baba ndiyo shule yetu ya kwanza ya kuomba bila kusema. Mtoto anayekataa nyama ya baba yake ana nini?

“Batoto njo vile,” mke wangu alisema. “Atazoea tu.”

Nilikuwa bado nangoja azoee ilipofika Jumamosi ya shirika. Shirika ni sisi majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, na mwaka ule tulikuwa tumepewa kazi ya kuzibua mtaro unaozunguka uwanja wa parokia. Mvua zilikuwa zimeujaza udongo, na likizo ya watoto ilikaribia. Asubuhi salongo, ile kazi ya mikono ya watu wote, mchana kula pamoja kwenye majani, watoto wacheze. Nilifurahi. Nikajiambia, nje, kwenye jua, mbali na ile fotei, labda atafungua mdomo.

Tukatoka. Mke wangu alikuwa na sufuria mkononi, na juu ya kichwa chake alibeba kiti cha plastiki.

“Hicho kiti cha nani?”

“Cha kwako.”

“Watu wanaenda kulima, miye niende kukaa?”

“Uko na mugongo.”

Mgongo ni kweli nilikuwa nao, mmoja, kama wa kila mtu. Nikataka kukibeba mwenyewe, akakataa katakata: watu watasema nini? Basi tukateremka vijia vya Kadutu, kiti mbele, mimi nyuma na mikono mitupu, na binti yangu katikati, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye leso. Alikishika kama mtu anayebeba mayai. Sikuuliza ni nini. Ningejibiwa kwa kichwa.

Uwanjani palikuwa na ukungu wa moshi ule wa kiangazi, watu wakichoma majani milimani, na ng'ambo ya ziwa, chini ya mji, haikuonekana kabisa. Wanaume walikuwa wameshaingia mtaroni, wamekunja suruali. Watoto walikusanya sasheti za plastiki na chupa kwenye magunia wakiimba, kila mmoja wimbo wake. Mke wangu akaweka kiti chini ya mkaratusi. Kisha binti yangu akafungua leso, akatoa kile kitambaa cheupe cha fotei, akakitandaza kwenye egemeo la kiti cha plastiki, akakinyoosha kwa kiganja mpaka kikatulia. Ndani ya leso kilibaki kikombe cha maua.

Nikakaa. Ningefanya nini? Kila aliyepita na jembe alinisalimia, “Karibu, papa! Bondeni hawajambo?” nami nikajibu hawajambo. Sikujua kama naheshimiwa au naugua. Nikiinuka, mke wangu ananitolea macho kutoka kwenye masufuria. Nikikaa, najisikia kama sanamu iliyotolewa kanisani kupigwa upepo.

Na pale kitini ndipo nilipomsikia. Binti yangu alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa mtaro, akiongea na jirani yetu mwalimu, aliyekuwa ndani na matope mpaka magotini. Anaongea! Mikono yote miwili hewani, kichwa huku na huku. Mwalimu anacheka, anajibu, anatupa udongo, anacheka tena. Nilisikia wivu, na sikuuonea aibu. Nilisikia wivu kama wa mume. Mwalimu huyu amemfanyia nini mwanangu ambacho mimi sikufanya? Yeye si hata ndugu.

Wakati wa kula ulipofika, watu walikaa kwenye majani. Binti yangu akaja kwangu na birika na besheni, akaninawisha mimi kwanza, kabla ya wazee, bila kumwaga hata tone. Mke wangu akaniletea bugali, sombe ya majani ya muhogo, na kipande kikubwa cha mbuzi. Mwalimu akaja kukaa kwenye majani karibu na kiti changu, na sambaza zake, vile visamaki vya ziwani. Hakuwa ametia tonge la pili mdomoni mtoto wake wa kiume alipotokea nyuma, akapitisha mkono kwapani mwa baba yake, akachota samaki na kukimbia. Mwalimu akampigia kelele mwizi wee, kisha akaendelea kula kana kwamba ni inzi aliyepita.

“Wangu hawezi kunifanyia vile,” nikasema. Ilinitoka tu. “Hata kuongea na miye hapana. Wewe anakuambiaka nini?”

“Ule? Uniulize kile hajasema. Ni redio, na batri yake haiishake.” Akacheka. Halafu akaacha kucheka. “Asubuhi ameniuliza kitu. Nilifikiri anafanya mchezo.”

“Kitu gani?”

“Ameniuliza gari ya kukurudisha Luberizi itatoka siku gani. Anasema maman alimukataza kuongea mbele ya bageni, na sasa amechoka kunyamaza.”

Sikuelewa. Nilimwambia hapana, huyu mtoto ananiita papa, kila siku kwenye simu alikuwa akiniita papa wa Luberizi. Nilikuwa bado nasema hivyo wakati maneno yenyewe yalipoanza kunigeukia. Nyumbani kwetu papa ni nani? Kaka yangu mkubwa wa Uvira ni papa. Kaka zake mke wangu ni papa. Kila mwanaume mwenye suruali anayetoka bondeni na kulala kwetu ni papa, na kila mmoja wao hukaa kwenye ile fotei, hunywea kikombe cha maua, hula kipande kikubwa, na watoto hunyamazishwa. Kisha asubuhi moja huchukua valizi yake nyuma ya mlango na kuondoka. Valizi yangu ilikuwa wapi? Nyuma ya mlango. Kabati limejaa, mke wangu alisema tutatafuta nafasi.

Kwa hiyo mwanangu hakuwa ananiogopa wala kunichukia. Alikuwa na adabu. Alikuwa ananivumilia kwa adabu mpaka niondoke. Nikajaribu kucheka, nikashindwa. Nikataka kumkasirikia mke wangu, lakini kosa lake lilikuwa kunipenda, na adhabu ya kosa hilo siijui.

Mwalimu alikitazama kiti, akakitazama kitambaa, akakitazama kikombe. Akanisogezea jembe lake.

“Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe,” akasema. “Wewe tumekuchelewesha.”

Nikainuka na kuingia mtaroni, wenzangu wakiwa bado wanalamba vidole. Mke wangu akapiga kelele, “Papa, mugongo!” Nikapiga jembe la kwanza, matope yakanirukia usoni. Hapo nikasikia miguu midogo ikikimbia. Binti yangu alisimama ukingoni, uso umekunjwa, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi aliniambia neno.

“Bageni habalimaka.”

“Miye si mugeni,” nikamjibu. “Miye ni papa yako. Ninakaa hapa.”

Akanitazama kama mama wa soko anavyotazama noti iliyochanika. Kisha akaenda kukikalia kile kiti yeye mwenyewe, labda kukilinda, na kimya kikarudi. Nililima mpaka viganja vikachubuka. Sikujua nalima mtaro au naomba.

Jua lilipopoa tukaanza kurudi. Safari hii kiti nilikibeba mimi, kichwani, na wa kusema waseme. Tulipofika barabara kubwa, pale vijia vyetu vinapoanza kupanda, binti yangu akasimama. Ndipo tunapoishia kila tunapomsindikiza mtu. Akajipangusa mkono kwenye gauni, akaninyooshea kwa adabu.

“Safari muzuri, papa wa Luberizi,” akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto mwema, akaongeza, “Umesahau valizi.”

Mke wangu akajiziba mdomo. Nikamwona akikitazama kiti juu ya kichwa changu, kisha mtoto, kisha mimi, na macho yake yakajaa maji. Nami nilisimama pale kama mpumbavu, pikipiki zikitupigia honi. Kumbe kwake siku nzima ilikuwa ya kuniaga: watu wote wamekuja, mbuzi amechinjwa, mgeni ameshiba. Tena alikuwa ametunza kitambaa changu njia nzima.

“Siendi,” nikasema.

“Utaenda kesho?”

“Hapana. Ninabaki.”

Akamgeukia mama yake, kwa maana mgeni anaweza kusema lolote. “Anabaki?”

“Anabaki,” mama yake akasema. “Huyu njo papa yako, mama. Papa yako wa kweli.”

Nilitegemea atanirukia shingoni. Hakuruka. Alirudisha mkono wake, akafikiri kidogo, akatutangulia kupanda. Njia nzima nilikitazama kisogo chake nisijue kama nimepata mtoto au nimeharibu kila kitu. Inawezekana alipendelea niondoke. Mgeni akiondoka, nyumba hupata kelele zake tena.

Nyumbani nilifanya mambo machache, haraka, kabla sijaona aibu. Nikaifungua valizi na kumwaga nguo zote kitandani, mke wangu akanung'unika kwamba sasa tutalala wapi. Kikombe cha maua nikakirudisha kabatini. Chakula kilichobaki kilipopashwa moto, mke wangu akaniwekea sahani kwenye meza ndogo, mkono wake umezoea, na kipande kikubwa cha mbuzi juu. Nikaichukua sahani, nikaenda nayo jikoni, nikakaa kwenye mkeka. Magoti yalilia.

Binti yangu alikuwa amekaa mbele yangu. Alitazama mlango, pale ilipokuwa valizi. Akanitazama usoni, akatazama matope yaliyokauka kwenye miguu yangu. Akaitazama sahani yangu kwa muda mrefu. Mimi sikuthubutu kumkatia kitu, wala kumwita. Niliendelea kumega bugali na kutazama pembeni, kama baba yangu alivyokuwa akifanya.

Mkono ukaja, mdogo, bado mchafu wa uwanjani. Ulichukua kipande chote.

“Wee!” mama yake akamaka. “Ile ni nyama ya papa!”

“Ninajua,” akasema, mdomo umejaa.