Maajabu Niliyomsimulia Mama kwa Simu

Miaka ile Jumamosi zangu zote niliishia maktaba. Usinidhanie msomi. Siku tano za wiki nilikuwa nikipiga deki nyumba za watu Etterbeek, mtaa wa jiji la Brussels, nyumba za wafanyakazi wa ofisi kubwa za Ulaya, na siku ya sita nilitaka tu mahali penye joto. Chumba changu, huko huko Etterbeek, kilikuwa na baridi kiasi kwamba nilikaa na koti ndani. Maktaba ya mtaa ilikuwa na joto la bure, na hakuna aliyekuuliza umefuata nini alimradi umeshika kitabu. Kuazima ndiko sikuweza. Kadi ya maktaba ilitaka kitambulisho, na mimi kitambulisho sikuwa nacho.

Nilitoka Bukavu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nikaomba hifadhi, wakanikatalia, nikakata rufaa, nikaambiwa nisubiri. Ukisubiri namna hiyo unaweza kukaa, lakini ukivuka mpaka basi, umejifungia mlango mwenyewe. Mama hakulijua hilo. Mwezi wa kwanza kabisa nilimwambia kwamba karatasi zangu ziko sawa na kazi nimepata ofisini, kwa kuwa niliamini kweli kwamba mambo yatanyooka kabla hajauliza mara ya pili. Hayakunyooka, na mimi sikurudi nyuma kusahihisha.

Mwaka wa pili baba akafariki. Sikwenda kumzika. Mama akavaa nyeusi, na kwetu mjane havui nyeusi hivi hivi tu siku akichoka nayo. Familia inakusanyika, misa inasomwa, watu wanakula, kisha watoto wanamvua mama yao kile kitambaa cheusi cha kichwani na kumvika nguo mpya, na tangu siku hiyo anaweza kucheka mbele za watu bila kusemwa. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Mama alitangaza kwamba hatavua mpaka nifike. Nikamwambia nitakuja Noeli. Noeli ikapita, nikasema Pasaka. Pasaka ikapita, nikasema likizo kubwa. Na yeye kule Bukavu, jua la mchana likiwaka, anakwenda sokoni na nyeusi yake.

Nilimpigia kila Jumapili baada ya misa, kutoka duka la simu Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, katika kibanda cha mwisho kilichopakana na saluni, ukutani ikisikika mashine ya kukaushia nywele. Mama alikuwa na kasimu kadogo, na tangu ajue kuweka haut-parleur, kile kipaza sauti cha simu, hakunisikiliza tena peke yake. Wamama wa kanisa walikaa naye. Nikisema allô, wanaitika watano.

"Mutoto, uko bien?"

"Niko bien, maman."

"Sasa wiki hii uliona nini kule?"

Swali hilo lilinitesa. Nilichokuwa nimekiona wiki nzima ni vyoo vya watu. Sikuwa na rafiki wa kunitembeza, na nilipotembea peke yangu niliogopa polisi, hivyo njia zangu zilikuwa tatu: kazini, kanisani, maktaba. Jumapili za mwanzo nilimsimulia theluji. Theluji nayo ina mwisho.

Ndipo nikakiona kile kitabu. Kilikuwa kikubwa, kizito, kimejaa picha, kinahusu maonyesho ya dunia ya karne ya kumi na tisa, yale ambayo nchi zilikusanyika kuonyeshana mashine zao na ujanja wao. Nilikichukua kwa sababu ya picha. Jumapili iliyofuata mama akauliza swali lake, na maneno yakanitoka.

"Niliona kichwa cha mwanamuke, balikichonga mu beurre."

"Beurre ya kukula?"

"Ya kukula, maman. Baliweka barafu chini yake sababu isiyeyuke."

Kule ng'ambo zikalipuka kelele. Mmoja akaita Yesu. Mwingine akataka kujua kama yule mwanamke wa siagi alikuwa na macho. Nikasema alikuwa amefumba, kwa kuwa ndivyo picha ilivyoonyesha. Siagi yenyewe ilikwisha kuyeyuka kabla bibi yangu hajazaliwa, lakini hilo nilikaa nalo.

Tangu hapo nikawa na kazi ya pili. Jumamosi nasoma, Jumapili nasimulia. Nilisimulia gurudumu refu kama mlima, limening'inizwa mabehewa, na watu wamekaa ndani wanazungushwa hewani. Nilisimulia njia inayotembea yenyewe, wewe umesimama tu na inakupeleka. Nilisimulia mpanda farasi aliyetengenezwa kwa matunda makavu, yeye na farasi wake. Siku ya jibini kubwa lililovunja sakafu kwa uzito wake, wamama walicheka mpaka simu ikaanguka. Mmoja akauliza nani alilila baadaye. Sikujua, nikasema maskini.

Nilijipenda mwenyewe siku hizo, nikiri. Dakika ishirini kwa wiki nilikuwa mtu anayengojwa. Kisha natoka kibandani, na mpaka Jumapili nyingine hakuna anayeniita kwa jina. Katika jiji zima, mtu pekee aliyenisalimu bila kunitaka kazi alikuwa bibi wa maktaba. Alikwisha nizoea, akawa ananiwekea kile kitabu mezani karibu na dirisha kabla sijafika. Bonjour, madame. Bonjour, madame. Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Kulikuwa na kurasa nilizozipita. Zilihusu maonyesho ya hapa hapa Brussels, na picha zake niliziona kwa jicho la pembeni nikafunua mbilimbili. Watu weusi wamekaa mbele ya vibanda vya nyasi, na ng'ambo ya uzio kofia za Wazungu zimejaa. Sikutaka kujua zaidi.

Mwaka wa tatu wa nyeusi ya mama, Jumapili moja ya Oktoba, nilimwambia kwamba Noeli hii lazima nije, nimekwisha omba ruhusa kazini. Akacheka, lakini si kwa raha.

"Bon, mutoto, usijisumbue. Minajua sababu haurudie. Kule iko muzuri sana. Bantu banapanda mu roue, banakula fromage ya kuvunja nyumba. Huku kuko nini? Matope. Miye pia, ningekuwa weye, singerudia."

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningejitetea. Alisema polepole, kama mtu aliyepiga hesabu ya mambo akaikubali, na wale wamama nyuma yake wakaguna kukubali. Kumbe wote walikuwa wameshafikia hapo kabla yangu. Kila ajabu niliyompelekea ili asinihurumie, yeye aliipokea kama sababu ya mimi kumtupa.

Nilitembea kwa miguu mpaka Etterbeek. Njia nzima nilijitukana. Nilitaka kumweleza mtu, mtu yeyote, na nilipofika chumbani nikakuta hata jirani wa ukuta wa kushoto amehama.

Jumamosi nikaenda kwenye zile kurasa nikazisoma zote. Watu wa kwetu waliletwa kwa meli, wakajengewa vijiji kando ya bwawa, mahali ambapo hata leo tramu inafika, ili watu waje kuwatazama. Majira ya joto yale yalikuwa ya mvua na baridi. Nilikaa kwenye ukurasa wa makaburi yao muda mrefu, hata bibi wa maktaba akaja akaniuliza kama niko salama. Nikamjibu oui, très bien, kama nilivyomjibu kila mtu kwa miaka. Akarudi mezani kwake. Nikaona kwamba nikiendelea hivi nitakufa nikijibu très bien.

Jumapili mama alipopokea, wamama walikuwepo kama kawaida.

"Maman, toa haut-parleur."

"Juu ya nini? Banakungojea bote."

"Toa tu, maman. Leo niko na weye."

Akatoa. Nikasikia mlango, kisha kuku, kisha pumzi yake karibu. Nikamwambia kwamba zamani hapa walileta watu, wakawaweka nyuma ya uzio.

"Bantu ba wapi?"

"Ba kwetu, maman. Ba Congo."

"Balikuwa banafanya nini?"

"Kuangaliwa tu."

"Balirudia kwabo?"

"Bengi balirudia. Bamoja balikufa, balibazika huku."

"Na weye?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, maana nilidhani mimi ndiye ninayeongoza mazungumzo. Nikayasema yote kwa mkupuo.

"Sina papiers, maman. Sijapataka hata siku moja. Nikitoka huku, sitaingia tena. Bureau hakuna. Minafagia nyumba za bantu. Na byote nilikuambia bilikuwa mu kitabu ya zamani."

"Fromage pia?"

"Fromage ilikuwaka, maman. Lakini mbele nyinyi muzaliwe."

Mashine ya nywele ilinguruma ukutani, ikazimwa, ikawashwa tena.

"Trois ans," mama akasema. "Myaka tatu nilikuwa nakukasirikia. Nilikuwa nasema kwa Mungu, huyu mutoto alitusahau." Akavuta pumzi. "Donc hautafika."

"Sitafika, maman."

"Bon. Mwezi inakuya nitavua hii nyeusi bila weye. Bandugu yako batanivua."

Nikasema ndiyo, afanye hivyo. Ndipo akaanza kulia. Si kilio cha msibani, chenye maneno na majina ya waliokufa. Alilia chini chini, karibu kabisa na simu, akisema tu mutoto wangu, mutoto wangu, uko peke yako. Mtoto mwema angembembeleza mama yake anyamaze, na mimi maneno ya kumbembeleza nilikuwa nayo. Sikuyasema. Tangu nifike nchi hii hakuna mtu aliyewahi kulia kwa ajili yangu, na naona aibu kuandika hivi, lakini nilifurahi. Nikakaza simu sikioni, nikamwacha alie.