Mbio za Ramani na Maziko ya Nyanya

Nyanya yangu mzaa baba alizikwa Jumapili baada ya swala ya adhuhuri, na mimi, mjukuu aliyemlea kwa mikono yake mwenyewe, sikumuona uso. Sikuwa mbali. Nilikuwa papo hapo Malindi, nikikimbia na ramani mkononi kutafuta mahali ninapopajua tangu utotoni.

Mchezo wenyewe waliuleta watu wa mahoteli. Mnakuwa wawili wawili, mnapewa ramani ya mji iliyotiwa alama, mnajichagulia njia, na kila penye alama mnajipiga picha pamoja. Watakaorudi kwanza kwenye bustani ya ufukweni watalala wikendi nzima katika hoteli ya Watamu bila kulipa. Kila jozi iliruhusiwa simu moja tu, ya kupigia picha. Nyingine zilibaki kwa wasimamizi.

Mwenzangu alikuwa shoga yangu wa tangu madrasa. Kwao na kwetu ni mlango kwa mlango, na chungu cha nyanya amekila kama mimi. Alikuwa ametandika vitanda vya hoteli za Watamu miaka na miaka, hajalala hata kimoja, na wikendi ile aliitaka mpaka ikawa haongei jingine. Nilimhurumia. Ndiyo maana nikakubali, ingawa nyanya alikuwa mgonjwa, amelazwa nyumbani kwa shangazi, mtaa wa Shela.

Asubuhi ile nilipita kumjulia hali. Alikuwa amekunywa uji, hata akanicheka. "Watu wazima mwakimbilia kutafuta msikiti wa Jamia? Si mumuulize mtu?" Shangazi akaniambia niende, yuko naye. Simu yangu ingebaki kwa wasimamizi, basi nikamwachia nambari ya shoga yangu. Nikamwambia, "Likiwa lolote, piga hii, nitakuja mbio." Nilisema hivyo kwa sababu kwetu mwanamke haendi makaburini. Maiti huoshwa, huvishwa sanda, jamaa huitwa kumtazama, kisha uso hufunikwa na wanaume hubeba jeneza. Likishavuka kizingiti, kwetu sisi wanawake ndiyo basi.

Tulianza vizuri. Yeye akisoma ramani, mimi nikikata vichochoro, sokoni, gatini, mpaka kanisa dogo la Wareno. Pale simu ikalia. Akasogea kando kuipokea, akanipa mgongo. Aliporudi nikamuuliza ni nani. "Nyumbani," akasema. "Wauliza unga uko wapi." Kisha akanishika kiuno tukapiga picha, nami nikacheka.

Alama iliyofuata ilikuwa kwenye mnara wa Wareno, na njia ya mkato inapita mtaani kwa shangazi. Akakataa katakata. Akasema tuzunguke kwa barabara kubwa, eti vichochoroni kuna jozi nyingine zitatuona na kutufuata. Nikamwambia, "Wewe una wazimu? Huko ni mbali." Akanivuta mkono. Nikamfuata nikinung'unika, jua likituunguza, na kila tulipofika akaniambia nicheke, picha ziwe nzuri.

Tukashinda. Tukapigiwa makofi, tukavishwa maua shingoni, yeye akalia kwa furaha. Alipokwisha kuipokea bahasha ya zawadi na kuitia mkobani, ndipo akanigeukia akasema kwa sauti ndogo, "Shoga, twende Shela. Nyanya kazidiwa."

Kazidiwa. Hata pale hakuweza kusema kweli.

Tuktuk ilipotushusha, mlangoni hapakuwa na mwanamume hata mmoja, nami nikajua. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani. Mimi nimevaa fulana ya mashindano yenye nambari kifuani, maua yangali shingoni. Jirani akaniondolea maua, akanitupia leso nijistiri kabla sijaingia. Chumbani kitanda kilikuwa kimeinuliwa, kimeegemezwa ukutani, sakafu bado ina maji.

Shangazi hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Aliniambia tu, "Shoga yako alisema mko njiani, tukangoja. Wanaume wakasema maiti haicheleweshwi, nikawaomba wamwache uso wazi kidogo, mtoto wake yuaja. Wamekwenda kuswali, wamerudi, bado hujaja. Ndipo nikamfunika mwenyewe."

Nikamgeukia shoga yangu. Hakuwako, amerudi na tuktuk ile ile.

Baadaye nilimweleza shangazi yaliyotokea. Akasema tusigombane msibani. Lakini wengine sikuweza kuwaeleza mmoja mmoja, na walioniona nimefika na maua shingoni washatosheka na walichokiona. Mpaka leo nikipita naambiwa, "Huyu ndiye aliyekuwa mchezoni."

Siku ya hitma, nyanya alipokuwa akisomewa Kurani, shoga yangu alikuja. Alileta sukari, akakaa karibu nami, akapewa chai na mahamri kama mtu wa nyumbani. Nilitaka kumtoa kwa nywele, wallahi. Nikanyamaza kwa ajili ya nyanya. Yeye ndiye aliyeanza.

"Usinichukie," akaninong'oneza. "Walipopiga alikuwa keshakufa. Hata ungeliacha mbio ungelimfanyia nini? Nikaona tumalize kwanza, hana pa kwenda."

"Alikuwa na pa kwenda," nikamwambia. "Alikuwa yuenda kaburini, na huko mimi siwezi kumfuata."

Akamaliza chai, akanyoosha mkono kuchukua hamri jingine.