Kuvumwani ya Chemchemi

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Ghala alinipokea kwa sweta. Mimi msichana wa Waa, huko pwani kwenye joto, sikuwahi kuvaa sweta ila nikiwa na homa, nikadhani ananitania.

"Vaa, Mwanasha," akaniambia. "Kazi yako iko kwenye baridi."

Ghala lilikuwa la mimea iliyokaushwa, katika kituo kidogo upande wa Msambweni. Kila mmea ulioletwa kutoka msituni tuliukausha, tukautia kwenye bahasha, kisha tukaulaza ndani ya friza ili wadudu waliojificha wafe na mmea udumu. Bahasha hiyo na kilichomo ndiyo tuliyoiita sampuli. Mimi nilikabidhiwa kuvumwani, ule ujani laini unaotanda juu ya mawe yenye unyevu, ambao watu huukanyaga bila hata kuutazama.

Msimamizi alinifundisha kwa ufupi. Kuvumwani haina mizizi ya kweli. Hunywa maji kwa mwili mzima. Ikikauka au ikiganda, maji hutoka ndani ya seli zake, sukari hubaki kuzilinda, na kuvumwani hulala. Ikiamka, hata kipande cha jani chaweza kuanzisha mmea mpya.

"Hii haifi ovyo," akasema, nami nikamwamini.

Wakuu wa Kituo walikuja na kwenda. Mmoja alipenda mikutano, mwingine alipenda kufunga milango. Wa mwisho alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye hofu ya kuharibu kitu. Wakati wake walitujia wanawake wa kijiji kimoja nyuma ya Kombani, wakiongozwa na Bi Mwanakombo. Wachimba timbo walikuwa wamechonga mawe juu ya chemchemi yao. Timbo, yaani machimbo hayo ya mawe, lilikwisha fungwa, lakini mwamba ulibaki mtupu, na kila mvua iliponyesha, tope liliteremka hadi kwenye maji ya kunywa.

"Ule ujani ndio uliokuwa ukishika udongo," akasema Bi Mwanakombo. "Tumeambiwa nyinyi mnao. Twauomba."

Tulikuwa nao, bahasha moja tu, iliyogandishwa tangu Mkuu akiwa mtoto. Aina hiyo hatukuiona tena mahali pengine.

"Bi Mwanasha," Mkuu akaninong'oneza, "tukiilowesha ikaoza, itakuwa imepotea kabisa."

"Na kwenye friza imepatikana, bwana Mkuu? Nani anakunywa maji ya friza yako?"

Akacheka bila kupenda. Tukakubaliana tuanze na nusu.

Sasa, sisi watu wa pwani tumezoea maji ya kisima yenye chumvi. Twayaogea, twayafulia, wala hatuyahisi tena. Basi kituo kizima hakuna aliyefikiri mara mbili. Tukainyunyizia maji hayo hayo. Ikawa nyeusi, ikanuka. Mkuu hakula chakula cha mchana. Mimi niliogopa, lakini hasira zilizidi hofu: mmea umeishinda barafu miaka yote, unakuja kuuawa na ndoo yetu!

"Iliyobaki irudi kwenye friza," akasema Mkuu.

"Iliyobaki itapewa maji ya mvua," nikasema. "Ikioza, nitakwenda mimi kumwambia Bi Mwanakombo."

Akakubali. Mvua iliponyesha tukakinga maji kwa mabeseni. Nikavunjavunja kuvumwani, nikaitandaza juu ya vipande vya mawe ya timbo lile lile, kivulini. Wiki zikapita, rangi ni ya kahawia tu. Hata asubuhi moja, kwenye hadubini, nikaona ncha ya kijani imechomoza ubavuni mwa jani lililokauka. Nikamwita Mkuu kwa ukelele. Alipoona alisema, "Alhamdulillahi," naye ni Mkristo.

Tuliikuza kwenye trei, na wanawake wakaipandikiza wenyewe mwambani. Punde nikastaafu. Vijana huniuliza kama sikuchoka kufungiwa na majani makavu. Sikuchoka hata kidogo. Kazi yangu niliijua na niliipenda.

Mwaka huu nilipanda hadi chemchemini, magoti yakilalamika. Mwamba ulikuwa wa kijani, maji meupe. Nikasogea niushike ule ujani. Binti mmoja aliyekuwa akiteka maji akainuka upesi.

"Shikamoo, bibi. Niwie radhi, usikanyage hapo. Hiyo tunaitunza."

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia, nikarudisha mguu.